Gitaa la Pembe Mbili

Hapa Masasi, ukimwambia wa bodaboda akupeleke kwa Mama Magitaa, hakuulizi yupi. Wanawake wenzangu wanaitwa kwa majina ya watoto wao wa kwanza, kama ilivyo desturi. Mimi nina binti, tena nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili, lakini jina lake limemezwa na vitu vilivyoning'inia ukutani kwangu. Analalamika hadi leo. "Mama, umeona wapi mtu mzima akapokonywa heshima yake na mbao?" Namwambia ashukuru, wapo ambao mama zao wanaitwa kwa majina ya pombe.

Hadi mwaka jana yalikuwa saba. Yananing'inia sebuleni kwa misumari ya inchi nne, juu ya makochi, na hakuna hata moja linalolia sawasawa. Moja halina nyuzi kabisa. Moja lina nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, aliyezifunga sijui alikuwa na shida gani. Moja shingo yake ilivunjika ikafungwa kwa bati na misumari. Yote ni magitaa ya umeme, yale ya ubao mzima yasiyo na tundu tumboni, na yote yana pembe mbili.

Nieleze kwa asiyejua. Pale shingo ya gitaa inapoingia kwenye mwili, fundi hukata ubao ili mkono wa mpigaji upate pa kupita. Wengine hukata upande mmoja tu, wa chini. Wengine hukata pande zote mbili, basi mwili unabaki na pembe mbili zinazotazama juu, kama ndama aliyeanza kuota zake. Mimi nayapenda hayo. Tena si yale yenye majina makubwa ambayo vijana wanayabusu kwenye picha. Nazungumzia yale yaliyotoka viwanda visivyojulikana huko mashariki, yenye jina lililokwishafutika kichwani, yaliyokuja nchini enzi zile kila shirika lilipokuwa na bendi. Wapigaji wanayadharau. Wanasema ni ya kujifunzia.

Aliwahi kuja kijana mmoja wa muziki wa siku hizi, ameelekezwa kwangu. Akapitia vichwa vyote saba kutafuta jina kubwa, hakuliona. Akanitazama kwa huruma, "Mama, pole, haya ni ya kujifunzia." Nikamuuliza yeye amejifunzia lipi. Akasema hajui kupiga gitaa, muziki wake anautengeneza kwenye kompyuta. Loh! Nilimpa chai, akanywa, lakini sukari sikumwongezea.

Sasa niseme ukweli, maana nimeshakuwa mtu mzima na sina wa kumwogopa. Sikuyakusanya haya kwa sababu ya uzuri wake. Nilikuwa natafuta moja. Lile moja niliwahi kuwa nalo ndani ya nyumba yangu, nikaliharibu kwa mikono yangu hii, na kwa kuliharibu nikamnyamazisha mume wangu. Nilitaka nilipate, nimrudishie mkononi, nimsikie tena akipiga. Ni hilo tu. Haya mengine saba niliyachukua njiani kwa sababu yalifanana nalo, na nikishaliona lenye pembe mbili limetupwa mahali siwezi kulipita.

Chama cha ushirika cha huku kilikuwa na bendi. Ukiwaambia watoto leo wanacheka, wanunuzi wa korosho na dansi wapi na wapi? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Walikuwa wanapiga Jumapili mchana kwenye ukumbi uliokuwa chini ya kile kilima cha mawe, watu wanatoka kanisani wanapitiliza, na sisi Waislamu tunakwenda bila kupitia popote. Mimi nilikuwa nauza maandazi na korosho za kuchoma mlangoni. Mume wangu alikuwa ndiye mpiga solo.

Nilichokipenda kwanza ni gitaa, nisidanganye. Lilikuwa jekundu, wekundu wa bibo lililoiva barabara, lile ambalo ukiligusa tu linaachia korosho yake. Pembe moja ndefu, nyingine fupi. Alikuwa analipiga kule chini kabisa, shingo inapoishia, kwenye sauti nyembamba. Alinieleza baadaye kwamba gitaa la upande mmoja halikuruhusu kufika huko vizuri, mkono unagonga ubao. La pembe mbili linakufungulia njia. Huko chini alikuwa anakuita kwenye vyumba vya watoto. "Ngoja niende kwenye vyumba vya watoto," anasema, halafu anashuka, na ukumbi mzima unapiga kelele.

Yeye alikuja kununua maandazi. Korosho alikuwa anazila zikiwa zimeshabanguliwa tu. Nilipompa zenye maganda meusi ya moto akarudi nyuma kama nimempa kaa la moto. "Dada, vidole hivi ndivyo vinanilisha." Mtu wa Newala, Mmakonde wa kuzaliwa, habangui korosho! Nilicheka mpaka maandazi yakaungua. Lakini alikuwa na haki. Ganda la korosho lina mafuta makali, yakikupata kwenye ngozi laini yanababua. Sisi wanawake tunaobangua mikono yetu imeshakuwa migumu, tunapaka majivu tunaendelea. Yeye tangu alipoanza solo hakugusa ganda. Kijijini kwao Mnyambe, huko huko Newala, walikuwa wanamwita bwana harusi, maana wakati wenzake wanabangua yeye amekaa pembeni na mikono yake mapajani.

Tukaoana. Kisha ikaja ruksa, serikali ikaachia biashara huria.

Watu wanaisimulia ruksa kila mtu kwa upande wake. Mimi naikumbuka kwa sabuni. Ghafla dukani kuna sabuni za kila rangi, mitumba inamwagwa chini marobota kwa marobota, redio kaseti kila nyumba, na wanunuzi wa korosho wanakuja na malori yao mpaka shambani, hawana habari na ushirika. Sisemi ilikuwa mbaya. Nilivaa vizuri miaka ile. Lakini ghala la ushirika likabaki na panya, na Jumapili moja wapigaji wakakuta ukumbi una kufuli jipya. Karani akatoka akawaambia kila mmoja achukue alichokuwa anakipiga aende nacho nyumbani, na asirudi. Basi. Ile ngoma kubwa ikaja kuwa kiota cha kuku. Tarumbeta sijui iliishia wapi. Mume wangu akatoka na gitaa lake amelikumbatia, nami nikambebea waya.

Tukapanda kwao, Mnyambe, kwenye mikorosho ya mama yake. Umeme hakuna. Maji yenyewe ya kugombania, unashuka bondeni alfajiri unapanda na ndoo jua limeshatoka. Lakini jioni akitoka shambani alikuwa analishusha gitaa ukutani analipiga hivyo hivyo bila umeme, sauti ndogo kama ya mbu. Mimi nilikuwa naegemeza sikio langu kwenye ile pembe ndefu. Ukiweka sikio kwenye ubao, jamani, unasikia kila kitu. Unasikia mpaka kidole kikiondoka kwenye uzi. Hakuna aliyenifundisha, niliigundua mwenyewe, na sijawahi kuwa na raha kama ile katika ndoa yangu, wanangu mnisamehe.

Mvua za mwisho zilipokuwa zinakatika akapata habari kwamba kuna bendi Dar es Salaam inatafuta mpiga solo. Mwanzoni alisema ni mbali. Ni mimi niliyemchochea. "Utakufa na kipaji chako humu kwenye mikorosho." Mbuzi wangu wawili wakageuka nauli. Akaenda kwanza mikono mitupu, aone hali. Gitaa akaniachia. "Wakinikubali nitarudi kulichukua. Nitunzie."

Neno lenyewe lilikuwa hilo, nitunzie, nami nikalishika kama amri.

Mchwa wa Mnyambe hawana adabu. Walishakula sanduku la spika, wakabakiza kitambaa cha mbele kimesimama chenyewe kama mtu aliyesahaulika. Asubuhi moja naingia chumbani naona mstari wa udongo umepanda ukutani, umenyooka, umebakiza shubiri moja kufika kwenye gitaa. Nikalishusha, nikaanza kulipekua kila upande. Walikuwa hawajaanza.

Sasa kwetu mbao tunazilinda kwa njia moja. Ni wakati wa kuchoma korosho. Tunaziweka kwenye bati lililoinamishwa juu ya moto, maganda yanatoa mafuta meusi mazito, yanachuruzika, tunayakinga kwa kopo. Mafuta hayo tunapaka nguzo za nyumba, miimo ya milango, mpini wa jembe hapana, ila kila kinachosimama ardhini ndiyo. Mchwa akikaribia anageuza. Babu yangu alijenga nyumba kwa nguzo zilizopakwa hivyo, nyumba ikaanguka kwa mvua, nguzo zikabaki.

Nikayapaka. Ningefanyaje? Nilichanganya na mafuta ya taa kidogo yawe mepesi, nikachukua kitambaa cha kanga safi, nikalipaka gitaa lote, mgongo, tumbo, pembe zote mbili, na shingo. Shingo niliirudia mara tatu, kwa sababu ubao wake ulikuwa mtupu hauna rangi, na nilijua ndiyo mchwa watapenda kuanzia hapo. Nilipaka mpaka chini ya nyuzi, kwa unyoya wa kuku, taratibu, nikiwa najisifu moyoni. Nikalianika siku tatu. Wekundu wake ukazama ukawa weusi unaong'aa, na likawa linanata kidogo ukiligusa. Sikujali. Mikono yangu mimi haikusikia chochote, na nguzo za nyumba nazo huwa zinanata mwanzoni.

Nguzo ya nyumba lakini haipigwi solo. Hilo halikunijia kichwani.

Alirudi msimu wa korosho ukiwa umepamba moto. Alikubaliwa! Walimsikiliza kwa gitaa la kuazima, wakamwambia aende akachukue lake arudi kabla wiki haijaisha, wampige msasa wa mwisho kisha aingie kazini. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Akaalika Mnyambe nzima. Saa nane mchana uwanja umejaa, mtu ameleta redio kaseti ya betri ya gari ili gitaa lichomekwe humo, wazee wameshika vibuyu vyao vya uraka, pombe ya mabibo, na mimi nimejifunga kibwebwe.

"Kalichukue mwenyewe," nikamwambia, nataka aone nilivyolitunza.

Nikamfuata nyuma. Alifungua mlango wa chumba, akasimama pale kizingitini, pua juu kidogo kama mtu anayetaka kupiga chafya. Nilidhani ni vumbi. Msimu ule nyumba zote zilikuwa zinanuka korosho, nguo, nywele, mpaka uji. Akageuka akanitazama mimi, sijui muda gani, halafu akaingia akalishusha.

"Limekuwa jeusi."

"Nimelitunza."

"Kweli," akasema, "umelitunza." Akacheka. Akatoka nalo nje.

Mchana ule alipiga, jamaa zangu, sijui niseme nini. Alipiga nyimbo za bendi zote, akapiga za harusi, akapiga za unyago ambazo mwanaume hata hatakiwi kuzijua, akina mama wakajifunika nyuso kwa kanga huku wanacheza. Mama mkwe na magoti yake mabovu alishuka mpaka chini. Mume wangu akaenda kwenye vyumba vya watoto akakaa huko, hakutaka kutoka. Wazee wakamwambia pumzika, akakataa. Mimi nilikuwa natoka na kuingia, kwani wageni ni wengi na mke wa mwenye shughuli hakai. Nilikuwa nazisikia nyingine kupitia ukuta wa jikoni na macho yananitoka machozi kwa moshi, huku najiambia, huyu sasa ni mali ya redio, nitakuwa namsikia huku Dar nzima inamsikia.

Kesho yake asubuhi vidole vilikuwa vinamuwasha. Siku ya pili vikavimba vikatoa malengelenge, mkono wa kushoto wote, ncha zote nne na kiganja. Siku ya tatu ngozi ikavuka. Ndipo nikaelewa nilichokifanya. Nilipiga ukunga mbele ya watu. Nilitaka kumwosha, ndani mna ndoo moja ya maji ya kunywa kwa nyumba nzima, nikaimwaga yote kwenye beseni na mama mkwe hakuthubutu kusema neno. Haikusaidia kitu. Alifunga mkono kwa vipande vya kanga yangu, akakaa mlangoni, akaniambia, "Usilie, vitapona."

Vilipona. Lakini vilipopona Dar walishachukua mtu mwingine.

Naye hakulishika gitaa tena. Nililikwangua kwa majivu, kwa mchanga, kwa sabuni ya ruksa, weusi haukutoka wala kunata hakukuisha. Siku moja narudi kutoka bondeni na ndoo, ukutani kuna msumari peke yake. Alimpa dereva wa lori la korosho aliyekuwa analishangaa. Bure. "Nimelitoa," akaniambia, kama mtu anayesema ametoa takataka. Nilikaa chini palepale. Maji yalimwagika na sikuyajali, na kwa mtu wa Newala kutojali maji yakimwagika si jambo dogo.

Maisha yakaenda. Tuliteremka tukarudi Masasi, akawa fundi wa kubebesha miche ya mikorosho, anakata kikonyo hiki anakiunga na kile, na miche yake inashika kuliko ya wengine. Watu wanasema ana vidole. Mimi nikisikia hivyo naingia ndani. Akishika mpini wa jembe vidole vya kushoto vilikuwa vinacheza vyenyewe, hajui. Akikaa mezani kungoja chakula, hivyo hivyo. Nilikuwa naviangalia vile vidole miaka na miaka, na kiu ya kuvisikia vikipiga ilikuwa mbaya kuliko ya maji. Ya maji unashuka bondeni.

Basi nikaanza kutafuta. Nilikuwa nauza mitumba, nazunguka minada yote. La kwanza nililikuta kwa fundi redio, jekundu, pembe mbili, nikadhani limepakwa rangi upya, nikapiga yowe. Nikalileta nyumbani mbio. Mume wangu akaligeuza, akalitazama mgongo, akalipima shingo kwa jicho moja. "Zuri," akasema. "Siyo." Nikamwomba alipige hata mara moja. Akasema ana miche inamngoja. La pili vivyo hivyo. La tatu. Kila moja analigeuza, analisifu, "Hili wamelidharau bure, hili lina ubao mzuri, angalia lilivyokatwa hapa," na mimi napata tumaini, kisha analiweka kochini. "Siyo." Alinifundisha kuyapenda, huyo mtu, na hakutaka kugusa nyuzi zake. Saba, nimeshawaambia. Nikakata tamaa, lakini misumari nilikuwa nanunua ya akiba.

Mwaka jana nilipanda Newala kuhani msiba. Sokoni nikakuta mwanamke anauza mbaazi, anasimulia wenzake habari za kwaya ya kijiji chao. Ati kwaya ilipewa gitaa zamani na dereva mmoja, lakini gitaa lina mkono wa mtu. Kila aliyelipiga mikono ilimchubuka. Wakaliombea, wapi. Wakalifunga kwenye gunia wakalitia stoo nyuma ya madhabahu, na hadi leo watoto wanakatazwa kupita pale wakikimbia.

Nilianza kucheka. Nilicheka nikashika meza ya watu, mbaazi zikamwagika. "Dada, lina rangi gani?"

"Jeusi. Jeusi la kutisha."

"Lina pembe?"

Akajishika kifuani. "Mbili! Umejuaje?"

Siku hiyo hiyo nikapanda bodaboda mpaka kijijini kwao. Mzee wa kanisa nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza kisa chote kuanzia mchwa. Alinisikiliza amefumba mdomo, halafu akaangua kicheko yeye naye, akaomba nimsamehe. "Tumelikemea hilo pepo miaka mingapi, kumbe korosho!" Akanipa na gunia lake. Nilishuka nalo Masasi nimelipakata kwenye basi kama mgonjwa.

Nilifika alasiri. Mume wangu alikuwa barazani, ameupa mgongo mlango wa uani, anafunga vikonyo vya miche kwa nailoni. Siku hizi macho yake yamefifia. Mimi nikaingia kwa nyuma, taratibu, nataka nimshtue. Gunia bado nimelishika, sijalifungua, sijasema neno. Kati yangu naye kulikuwa na hatua kama sita.

"Ndilo hilo," akasema. Hakugeuka.

"Umejuaje? Hata hujaliona!"

"Linanuka." Akaendelea kufunga. "Miaka yote hiyo bado linanuka."

Nilisimama pale na gunia langu. Ikanijia picha ya ule mlango wa Mnyambe, yeye kizingitini, pua juu.

"Siku ile nayo ulinusa."

Akavuta nailoni, akakaza fundo.

"Wewe! Nakuuliza. Siku ile ulinusa?"

"Tangu mlangoni," akasema. "Mtu wa Mnyambe asinuse mafuta ya korosho? Hata ningekuwa maiti."

"Na ukalishika!"

Ndipo akageuka. Akaniambia kwamba kule Dar alikuwa analala kwenye mabenchi ya ukumbi, hana wa kumwambia habari za asubuhi, na kila alipopiga alikuwa anatafuta sikio langu halioni. Hakutaka kurudi huko. Lakini mama yake ameshaalika watu, mimi nimeshauza mbuzi, na nimesimama nyuma yake nacheka meno yote thelathini na mawili. Angesemaje? "Nikafungua mlango nikanusa," akasema, "nikajisemea, ahsante mke wangu."

Ahsante mke wangu! Jamani, nilimrukia kwa maneno. Nilimwita kila jina. Miaka yote nimejiona muuaji, nimelala na lile beseni la maji kichwani mwangu, nimezunguka minada nimekuwa kichekesho cha wilaya, mwanangu amepoteza jina, na yeye anafunga miche! Kwa nini hukuniambia? Akasema mwanzoni aliona aibu, na baadaye aliniona ninavyoyapenda magitaa yangu, akaona asiniharibie. Nilimwambia asile chakula changu. Na hakula, siku mbili alikwenda kula kwa binti yetu, wakacheka huko wote wawili nina hakika.

Siku ya tatu hasira ikaanza kulegea, na chini yake nikakuta ile kiu iko palepale. Gitaa nilikuwa nimelitundika, la nane, katikati. Halinati tena. Nikalishusha nikampelekea barazani. Akalipakata, akaweka vidole, akajaribu. Vidole vilikuwa vizito, havikwenda vilikotumwa. Alijaribu mara ya pili, akacheka kidogo, akanirudishia.

"Nilizimaliza," akasema.

"Ulizimaliza nini?"

"Nyimbo. Nilijua nikishalishika siku ile ndiyo basi, kwani nikipona nikapiga tena mtanirudisha Dar. Kwa hiyo nikazipiga zote, nisibakize. Wewe hukushangaa nilivyokataa kupumzika?"

Nilishangaa. Watu wote walishangaa. Lakini mimi nusu yake sikuisikia. Nilikuwa jikoni nawakaangia wageni korosho, sikuona haraka, nilidhani atapiga tena.